Dobrusha Alivyofunga Lango Siku ya Ijumaa

Paja la kuku lilikuwa la Tsipa. Kila aliyekuwemo mezani jioni ile alilijua hilo, kwa sababu mtoto alikuwa ametoka kitandani juzi tu baada ya homa iliyombakiza macho na mifupa, na mama yake alikuwa ametoa kuku wa mwisho bandani kwa ajili yake. Bwana Anshel alinyoosha uma akalichukua paja akalitia kwenye sahani yake.

"Hilo ni la mtoto," Dobrusha akasema. "Ametoka kuumwa."

"Mtoto atapata mchuzi. Dawa ni mchuzi, muulize tabibu yeyote."

Wenzake wawili wakacheka. Dobrusha akasimama na mwiko mkononi. Usiku wa Sabato mtu hagombi mezani, wala mgeni hafukuzwi. Zavel, mwendesha farasi wa Anshel, aliyekuwa mwisho wa benchi, akaacha kula akamsogezea Tsipa mkate wake.

Dobrusha alikuwa mjane. Mumewe alimwachia watoto watatu na nyumba ya wageni ya kupanga kando ya barabara inayotoka kambi ya magogo, msituni, kuja Lubinka, mji wetu. Kutoka kambini mpaka mjini ni mwendo wa farsakhi saba, kila farsakhi zaidi kidogo ya saa moja kwa miguu, na nyumba yake ilikuwa karibu na katikati, farsakhi tatu kutoka kwetu. Nyumba ikikaa mahali kama hapo, Ijumaa haina raha. Aliyechelewa kuondoka msituni, jua likimchwea njiani, hana pa kwenda mbele wala nyuma. Sabato ikishaingia hasafiri. Atashuka pale pale, na pale pale ni kwa Dobrusha.

Wapo waliochelewa kwa bahati mbaya: farasi kachechemea, barafu imevunjika mtoni. Hao aliwapa sehemu ya chakula chake bila kinyongo. Lakini Anshel Kaminer, mfanyabiashara wa mbao, hakuchelewa kwa bahati mbaya hata siku moja. Alichelewa kwa mpango. Aliwakazania wapasua mbao mpaka mchana upinde, kisha akapanda gari la theluji akijua wazi kwamba mjini hatafika, ila kwa Dobrusha atafika, kwenye samaki aliyepikwa na mwingine, kitanda kilichotandikwa na mwingine, na tanuri lililochochewa na mwingine. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumjua Anshel.

Jioni ya lile paja Anshel aliingia wakati Dobrusha ameshafunika macho kwa viganja, akisali mbele ya mishumaa ya Sabato.

"Sabato njema, Mama Dobrusha. Harufu ya samaki nimeipokea tangu darajani."

"Kuna chakula cha watu wanne, Bwana Anshel. Nyie mmeongezeka wanne."

"Palipo na baraka, cha wanne hushibisha wanane."

"Baraka yako iko mjini kwa mkeo. Mbona hukuifuata?"

Alicheka. Mtu yule alikuwa na kicheko kizuri, kizito, cha tumboni, na watu wengi walimsamehe mambo mengi kwa ajili ya kicheko hicho. Sabato ilipokwisha kesho yake na nyota zikatoka, alimshukuru Dobrusha mbele ya wenzake, akamwambia thawabu ya kukaribisha wageni ni kubwa kuliko ya kusali. Hapo Sabato ilikuwa imekwisha na Dobrusha alikuwa huru kusema.

"Nisikilize mbele ya Zavel na mbele ya hawa," akasema. "Ukija tena Ijumaa jua likichwa, utakuta lango limefungwa."

Anshel akawageukia wenzake. "Mdomo tu umemshinda kuufunga. Lango ataliweza?"

Wakaondoka wakicheka. Dobrusha akaingia ghalani, akauma ncha ya kitambaa chake cha kichwa mpaka ikatoboka.

Siku ya pili akaja mjini kwa Rabi Simkha-Ber. Rabi alikuwa mzee mwembamba, mwenye elimu kubwa na sauti ndogo. Akamsogezea kiti.

"Kaa, Dobrusha."

"Sikai, Rabi. Nikikaa nitapoa."

Akamweleza yote. Rabi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na alipomaliza akasema, "Sheria iko wazi. Siku ya Ijumaa mtu asisafiri zaidi ya farsakhi tatu, awe anakwenda kwake au kwa watu, ili afike jua lingali juu, na wenye nyumba wawahi kumwandalia. Waliokuja baadaye wamelegeza kidogo, kwa mwenye farasi wepesi, na kwa anayebeba chakula chake mwenyewe. Lakini kumfikia mwanamke anapowasha mishumaa, tena mikono mitupu, hakuna aliyelihalalisha."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia."

"Mwaka jana ulimwambia."

Rabi akashika ndevu. Jiko jipya la sinagogi, lile lililotuokoa na baridi ya asubuhi, Anshel ndiye aliyelitoa, na Rabi aliketi karibu nalo kuliko wote.

"Na akishafika mlangoni kwangu?" Dobrusha akauliza.

"Akishafika ni mgeni. Kosa lake la njiani halikuondolei wewe wajibu wako. Huwezi kumwacha Myahudi mwenzako akigonga usiku wa Sabato nawe uko ndani."

"Kwa hiyo akiwa njiani sheria iko upande wangu. Akishaonja supu yangu, iko upande wake."

"Usiiseme hivyo, mwanangu."

"Niiseme vipi?"

Dobrusha akatoka bila kuaga vizuri. Nje kulikuwa na Yudel muuza nyama, ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea.

"Dobrusha, nasikia umemshitaki mgeni kwa kula. Kesho uishitaki mvua kwa kulowesha."

"Mvua hailambi sufuria za watu," akamjibu, akaenda zake.

Njia nzima ya kurudi neno moja la Rabi lilimkaa kichwani: *nawe uko ndani.*

Majuma yakapita. Anshel akaja tena mara mbili, ingawa Rabi alikwisha mwambia na yeye alikwisha mwahidi, na Dobrusha, kwa kuwa alikuwa ndani, akamfungulia. Ilipofika katikati ya majira ya baridi, Alhamisi moja Dobrusha akaoka mikate ya Sabato, akapika samaki, akafunga kila kitu ndani ya blanketi. Ijumaa alfajiri akamtoa ng'ombe akampelekea Mikita, jirani yake mkulima, Mkristo mwenye kibanda kando ya shamba.

"Nikamulie mpaka kesho jioni," akamwambia.

"Na wageni wakija?"

"Leo hakuna mwenyeji."

Mikita akamtazama, akatazama mbingu zilizokuwa nyeupe kama maziwa yaliyoganda. "Baridi inakuja, mama."

"Naiona."

Akafunga mlango wa jikoni na wa zizi kwa kufuli, akawapakia watoto kwenye kigari chake, akatia komeo na kufuli kwenye lango kwa nje, akamwongoza farasi wake mzee mpaka mjini. Walifika kwa dada yake jua likiwa halijapanda sana. Farsakhi tatu, mchana kweupe, na chakula chake mwenyewe mkononi. Hakuna mwanachuoni ambaye angemkuta na kosa la safari.

Sasa, kwetu kuna desturi ya tangu zamani. Aliyedhulumiwa na kukosa wa kumsikiliza, hata awe mjane maskini, anaweza kusimama sinagogini asubuhi ya Sabato na kuzuia Torati isisomwe mpaka asikilizwe. Hufanyika mara chache, na mwanamke ndiyo kabisa. Asubuhi ile, walipokuwa tayari kulifungua kabati takatifu la Torati, tulisikia viatu vya Dobrusha vikishuka ngazi kutoka roshani ya wanawake. Akapita katikati ya wanaume wakimpisha kama wanaopisha moto, akafika kwenye meza ya kusomea, akaipiga kwa kiganja.

"Hapasomwi kitu," akasema. "Nataka kusikilizwa."

Msimamizi wa sinagogi akamjia mikono mbele. "Mama Dobrusha, jamani, panda juu. Haya mambo yana wakati wake."

"Wakati wake ulikuwa mwaka jana. Nilikaa nikausubiri, haukuja."

"Mwacheni aseme, supu itapoa," Yudel akadakia nyuma, na wachache wakacheka.

"Wewe Yudel cheka. Kwako haji. Angekuja kwako ungemuuzia mfupa na kumtoza nyama." Hapo waliocheka wakawa wengi, na Yudel hakuwa miongoni mwao. Lakini Dobrusha hakuja kuchekesha, uso wake ulikuwa umepauka kabisa. "Namshitaki Anshel Kaminer. Kila akikawia kambini, wanaolipa ni wanangu. Ijumaa hadi Ijumaa anakuja giza likiingia, anakula akiba ya watoto wangu, na mnajua, nyote mnajua, kwa sababu akifika huku anawasimulia jinsi samaki wangu alivyokuwa mtamu. Mtoto wangu mgonjwa alitazama mtu mwenye tumbo hili akila kipande chake. Rabi anajua sheria. Nyie mnajua sheria. Hakuna aliyemwambia kwa sauti ya kusikika, kwa sababu mgongo wenu uko kwenye jiko lake."

Jiko lenyewe likasikika likiunguruma.

Msimamizi akageuka huku na huku. "Basi mwenyewe yuko wapi ajibu?"

Kutoka roshani ikaja sauti ya mke wa Anshel, Hinda. "Hajafika. Tunajua amelala kwa Dobrusha."

Ndipo watu walipoanza kuelewa, mmoja baada ya mwingine. Dobrusha alikuwa amesimama mbele yao.

"Kwangu kumefungwa," akasema.

Hinda akapiga ukelele mmoja tu, akakaa chini. Usiku ule baridi ilikuwa imepasua ndoo za maji zilizoachwa nje. Wanaume wakaanza kusema wote pamoja: muuaji, mwenye haki, mwendawazimu. Rabi Simkha-Ber akasimama, na kwa mara ya kwanza tulimsikia akipaza sauti.

"Nyamazeni. Kuna watu barabarani katika baridi hii, na hatujui hali yao. Roho ikiwa hatarini Sabato inasogea pembeni. Mwiteni Ostap wa zizi la farasi wa posta, aunge farasi sasa hivi. Tabibu aende naye. Atakayekawia kwa kuuliza swali, damu iko juu yake."

Wakatoka mbio. Torati ilisomwa baadaye, kwa haraka, na hakuna aliyefuata vizuri.

Yaliyotokea tuliyapata kwa Ostap. Anshel na Zavel walifika langoni jua likizama. Walipiga, wakaita, wakatukana. Sabato ikaingia wakiwa pale pale. Wakakiona kibanda cha Mikita, wakatembea mpaka huko, na Mikita akawafungulia. Kibanda kilikuwa na watu saba na nguruwe mmoja, na juu ya tanuri, ambako watu wa huku hulala kupata joto, palibaki nafasi ya kujibana wawili. Anshel akapanda. Zavel alipotaka kumfuata, Anshel akamwambia kuna wezi wa farasi upande huu, na farasi ni wa thamani, bora alale naye kwenye kijizizi cha Mikita alimowekwa ng'ombe wa Dobrusha, chenye kuta za fito. Zavel alikuwa mtumishi. Akaenda.

Ostap na tabibu walimkuta Anshel anakoroma juu ya tanuri, pembeni yake maganda ya viazi vya kuchoma. Zavel alikuwa zizini na mguu wa kushoto mweupe kama nta, hausikii sindano. Tabibu akaamuru wote wawili wapande warudi mjini.

Anshel akaketi, akajifunga koti. "Mimi ni mzima," akasema. "Mtu mzima hapandi gari siku ya Sabato. Mimi sivunji Sabato."

Ostap, ambaye si Myahudi, alitusimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara alitema mate alipofika hapo.

Zavel alipoteza vidole vitatu vya mguu.

Jumapili Anshel akamshitaki Dobrusha mbele ya Rabi. Nyumba ilijaa mpaka dirishani. Anshel hakucheka siku hiyo. Alisema mwanamke huyu amevunja wajibu ulio mtakatifu kuliko yote, kwamba alimtega mtu kwa makusudi, kwamba vidole vya mtumishi wake viko shingoni mwake.

"Lango nililifunga mimi," Dobrusha akasema. "Zizini Zavel hakupelekwa na Dobrusha."

Rabi akamnyamazisha kwa mkono. Wakamleta Zavel, wamembeba kwenye kiti, mguu umefungwa matambara. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye macho mekundu ya watu wa njiani. Rabi akamuuliza, "Mliondoka kambini wakati gani?"

Zavel akamtazama bwana wake, na chumba kizima kikamtazama yeye. Nyumbani alikuwa na mke na watoto watano, na mkate wao ulitoka mkononi mwa Anshel.

"Mchana ulikuwa umepinda," akasema.

"Ulimwambia kwamba mmechelewa?"

"Nilimwambia asubuhi. Nikamwambia tena farasi alipokula. Akasema, Dobrusha hafungi."

"Mlikuwa mmeonywa?"

"Mbele yangu, Rabi. Alisema waziwazi atafunga."

Anshel akainuka. "Huyu mguu unamuuma, hajui anachosema."

"Kaa chini," Rabi akasema. Anshel hakukaa. "Nimesema kaa chini, Anshel. Mwaka mzima nimekuwa nikikwambia haya kwa sauti ambayo wewe unaweza kujifanya hukuisikia, na aibu hiyo ni yangu. Leo nakwambia kwa sauti hii. Uliondoka saa ambayo hairuhusiwi. Ulifanya hivyo kwa kutegemea sufuria ya mjane. Ulipokosa sufuria, ulichukua joto ukampa mtumishi wako baridi, kwa ajili ya farasi. Halafu ukasema huvunji Sabato. Mpaka Zavel aje sinagogini kwa miguu yake mwenyewe, wewe hutaitwa kusoma Torati. Na mpaka siku hiyo nyumba yake italishwa kutoka kwenye nyumba yako, chakula kile kile mnachokula wewe na Hinda. Jiko lako ukilitaka, lichukue. Tulikaa bila jiko miaka mingi."

Kisha akamgeukia Dobrusha, na sauti haikushuka. "Na wewe. Umekwenda mpaka ukingoni mwa sheria ukasimama hapo, nami siwezi kukuhukumu. Lakini uliona baridi inakuja. Uliiona, ukafunga hata zizi."

"Niliiona," Dobrusha akasema.

"Kuanzia leo zizi lako lenye kuta za magogo halifungwi. Weka na nyasi kavu na blanketi."

"Zizi nitaliacha wazi, Rabi. Jiko, hapana."

"Sikukuuliza jiko," Rabi akasema.

Kutoka hapo Dobrusha alipitia kwa dada yake, kisha akaenda nyumbani kwa Zavel, na chungu cha supu chini ya shali. Mke wa Zavel, Rikla, akamfungulia, akasimama kizingitini.

"Umekuja kutazama?"

"Nimeleta supu."

"Ulimlenga mwenye koti la manyoya ukampiga mwenye matambara. Hukujua nani anaendesha farasi wa Anshel? Hukumjua mume wangu? Kala kwako mara ngapi?"

"Nilimjua."

"Ulipokuwa unatia komeo, ulimfikiria?"

Dobrusha, ambaye Rabi na Yudel na sinagogi zima hawakumkosesha jibu, alisimama na chungu mikononi akakosa. Mwishowe akasema, "Hapana. Nilimfikiria Anshel tu."

"Basi kwa hilo nakuchukia," Rikla akasema. Akapokea chungu, kwa sababu watoto walikuwa na njaa, akafunga mlango.

Dada yake alituambia kwamba usiku ule Dobrusha hakulia. Alitembea chumbani huku na huku akisema peke yake, mara anamtukana Anshel, mara anajitukana mwenyewe, na mara nyingine ilikuwa vigumu kujua anamtukana yupi.

Zavel alikuja sinagogini kwa miguu yake majira ya machipuko, akiegemea gongo. Anshel alikuwa amekwisha acha kuja kwetu, alikuwa anasali na watu wa mtaa wa ng'ambo ya mto. Jiko hakulichukua. Zavel hakurudi kwake tena. Waendesha magari wa Lubinka walikutana wakapatana kwamba Ijumaa hakuna atakayeunga farasi msituni baada ya adhuhuri, hata bwana awe nani, na Zavel ndiye waliyemweka kusimamia jambo hilo. Kuna matajiri waliokasirika. Walikasirika kambini, wakala Sabato yao huko huko, viazi na vitunguu.

Kwa Dobrusha hali haikuwa ya ushindi. Mikita alimwambia asimwachie ng'ombe wake tena, hataki tena kugongewa na watu. Wapo wasafiri waliokwepa nyumba yake hata Jumatatu, wakisema ni nyumba ya mwanamke mwenye komeo. Na waliochelewa kwa bahati mbaya waliendelea kuja Ijumaa moja moja, wakiwa wamelowa na wamechoka. Aliwafungulia. Aliwahoji wameondoka wapi na saa ngapi, ndevu zao zikiyeyuka barafu mbele ya tanuri, na kama majibu hayakumridhisha aliwasema tangu supu mpaka dua ya baada ya chakula. Aliwalisha hivyo hivyo. Tsipa alikwisha kuwa msichana mnene mwenye mashavu, akawa anawagawia mikate huku mama yake akigomba.

Rikla hakumsamehe. Miaka kadhaa baadaye walikuwa wanakaa benchi moja kwenye roshani ya wanawake, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, kila mmoja na kitabu chake cha sala. Rikla aliposahau miwani yake, Dobrusha alimsomea kwa sauti, mistari yote, akitazama mbele. Rikla aliitikia amina pale inapotakiwa. Walipotoka nje kila mmoja alishika njia yake bila kuagana.